Basi Letu Lenye Vitanda

Mume wangu aliendesha mabasi ya abiria maisha yake yote ya kazi, na siku zote alisema kwamba akistaafu atasafiri bila mtu wa kumharakisha. Alipostaafu akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akaweka vitanda viwili, jiko, tangi la maji na friji ndogo ya gesi. Hakuwahi kumaliza kulipaka rangi. Presha ya macho ilimzidi, na ndani ya mwaka mmoja akawa anaona mwanga tu. Basi likabaki uani kwetu Kisugu, majani yakiota kati ya magurudumu.

Watoto walishauri liuzwe. Yeye hakubisha. Lakini kila asubuhi baada ya swala alitoka nje, akapanda kwenye kiti cha dereva, akakaa hapo na usukani mkononi, kisha akarudi ndani kunywa chai. Nilivumilia miezi mitatu. Siku moja nikamwomba ufunguo.

Mimi nilikuwa mtu wa maktaba, na gari pekee nililozoea ni lile dogo lililonipeleka kazini chuoni Kyambogo. Nikaenda shule ya udereva, nikapata pamiti ya magari makubwa, halafu mume wangu akaendelea kunifundisha mwenyewe. Jumapili asubuhi tulizunguka njia za Kyambogo zikiwa tupu, yeye kiti cha pembeni, amefunga mkanda, anasikiliza. Akisikia sufuria inagonga kabatini alinisimamisha nikaifunge, kwa sababu ukishika breki ghafla, kisichofungwa kitakufuata kichwani. Alinionya kwamba nikikata kona kwenda kulia, mkia wa basi unayumba kwenda kushoto na unaweza kumzoa mwenye boda. Tulipima kimo cha basi kwa kamba, nikakiandika kwenye karatasi na kuibandika mbele yangu, nisije nikaingia mahali penye paa fupi. Na kila tulipotaka kuondoka aliuliza yale yale: mlango, madirisha, maji, gesi. Nilijibu kila kimoja. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kujibu bila kuangalia.

Safari ya kwanza ya kweli ilikuwa Gulu, kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua. Tulitoka mapema, lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulipofika Bwaise tukakuta maji yamefunika barabara. Nikasimama pembeni. Nyuma yangu wakapiga honi. Mume wangu akauliza maji yanafika wapi kwenye magurudumu ya lori linalopita. Nikamwambia katikati. Akasema tungoje. Tukangoja kwa muda wa karibu saa mbili, watu wakipita na viatu mkononi, wachuuzi wakirudisha meza zao barabarani, mpaka maji yakashuka, yakawa yanalowesha sehemu ya chini tu ya matairi. Nikavuka taratibu, na upande wa pili akaniambia nikanyage breki kidogo kidogo mpaka zikauke. Nikafanya. Lakini moyoni nilikuwa nimechoka kuambiwa.

Mbele kidogo tukaingia kituo cha mafuta. Nikazima injini. Akauliza, "Umefunga gesi?"

Nikasema ndiyo.

Msichana wa pampu alituomba tuteremke, kisha akafungua kifuniko cha tangi la mafuta. Mume wangu alishuka na kutembea kuelekea nyuma ya basi, mkono ukipapasa ubavu wa gari kama alivyozoea. Alipofika kwenye kitundu cha hewa cha friji akasimama.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ya chini, "hapa kuna joto."

Msichana alikuwa ameshika pampu, hajaiwasha. Aliirudisha mahali pake na kurudi nyuma hatua kadhaa. Nikakimbilia kisanduku cha mtungi wa gesi, nikazungusha vali mpaka mwisho. Ule mwali mdogo wa gesi unaoendesha friji, niliouwasha alfajiri ili maziwa tuliyompelekea mzazi yasiharibike, ulikuwa umekuja nasi ukiwaka kutoka Kisugu mpaka pale. Mtu mmoja kwenye pampu ya pili alikuwa anajaza petroli.

Hakuna aliyenikaripia. Msichana alisema tu kwa heshima, "Nyabo, tungoje kidogo ipoe," na tukangoja. Mume wangu akaja akasimama karibu nami.

Ningeweza kumwambia nilisahau. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa nimeangalia, na kwamba nilijibu ndiyo kwa sababu nilichoka kuulizwa.

Kisha akasema, "Sikuulizi eti kwa sababu sina imani nawe. Kuuliza ndiyo udereva niliobakiwa nao."

Sijawahi kuona haya kama siku ile, na tumeoana miaka mingi. Nikamshika mkono. Nikamwambia aulize, aulize kila siku, nami nitakwenda kugusa vali kwa mkono wangu kabla ya kumjibu. Akacheka kidogo na kusema tutaona.

Tulijaza mafuta, tukasogea mbali na pampu, tukaondoka. Njia nzima mpaka Gulu nilimsimulia ninachokiona: lori la ndizi mbele, mteremko, watoto wa shule wanavuka. Yeye alinijibu niache nafasi gani na nipunguze gia wapi. Tulifika kabla ya magharibi, na binti yetu akampakatisha baba yake mtoto hata kabla sijazima injini.

Alikuwa ametuandalia chumba, lakini tulilala ndani ya basi, uani kwake. Asubuhi majirani wakaja kulitazama. Mmoja, dereva mstaafu wa malori, akamsalimu mume wangu kwa heshima na kumsifu kwa kuleta gari zito namna ile peke yake.

"Dereva ni mama huyu," mume wangu akamjibu. "Mimi ni utingo wake."

Yule mzee akanigeukia, akanipa mkono, akaniuliza barabara ya Karuma tuliyopitia kuja ikoje siku hizi. Tukaongea mambo ya barabara mpaka chai ikaiva.