Pikapu ya Babu Ilivyotolewa Sadaka

Mwezi uliopita nilitoa gari langu kuukuu kwa kituo cha watoto yatima pale Ipogolo. Mama mlezi alilizunguka, akapapasa bodi, akaniuliza kwa upole, "Halina ugonjwa wowote, dada?" Mwenzangu, nilimweleza yote, mpaka kioo kisichopanda na mlango unaotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anayetoa sadaka huku anaisema vibaya. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka Bibi.

Nilikulia kwake Kalenga. Babu alilima vitunguu kando ya mto, na kila Jumamosi alivipeleka sokoni mjini kwa pikapu yake ya kijani. Ilinuka vitunguu masika na kiangazi, hata sare zetu za shule zilinuka, na wenzetu walitutania mpaka tukazoea. Wajukuu tulikaa nyuma juu ya magunia, tunatafuna mahindi ya kuchoma, upepo wa baridi unatutoa machozi. Nilizipenda sana siku zile. Ila tukifika kwenye mteremko wote tulinyamaza. Ikiwa tupu pikapu ilisimama vizuri, lakini ikibeba mzigo breki hazikushika mpaka uzikanyage mara tatu, na Babu alianza kukanyaga mbali kabisa. Nyumba nzima tulijua. Hata mdogo wangu, ambaye hakuwa ameanza shule, alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Babu alipofariki, Bibi aliamua pikapu wapewe watu wa kituo cha kanisani waliokuwa wakihudumia wagonjwa majumbani. Wao ndio waliomletea Babu dawa mpaka siku zake za mwisho. Sasa, Bibi alikuwa na sheria yake, na hakuna aliyethubutu kuivunja: kitu cha marehemu kinatolewa kwa maneno mazuri tu. Ukitaja kasoro yake, umemsema marehemu mwenyewe. Koti la Babu lilitolewa na mfuko uliotoboka, jembe lake likatolewa na mpini unaocheza, na waliopokea waligundua wenyewe huko mbele.

Dereva wa kituo alikuwa kijana mcheshi, mwenye mwanya. "Kamwene, Bibi," alisalimia, akainama na kupokea funguo kwa mikono miwili. Kisha akauliza kama kuna jambo lolote la kujua kuhusu gari.

"Gari la babu yenu halina neno, mwanangu," Bibi alijibu. "Limetulea."

Mjomba aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilifungua mdomo, Bibi akanitazama, nikaufunga. Yule kijana akawasha gari, akapiga honi, nasi tukapiga makofi mpaka alipokata kona.

Tangu siku ile kila honi ilinishtua. Mwalimu alinichapa kwa kutosikiliza, na hata maharage ya Bibi niliyaacha sahanini. Nilijipa moyo kwamba Mjomba atamwambia dereva. Miaka mingi baadaye Mjomba alinieleza kwamba naye alijipa moyo hivyo hivyo, akidhani dada yake, yaani mama yangu, atasema. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili nayo ikapita, nikaanza kula vizuri.

Ilikuwa Ijumaa mchana, mvua inanyesha. Yule dereva alikuwa anateremka kwenda Ipogolo peke yake, nyuma amebeba magunia ya unga wa wagonjwa. Walioshuhudia walisema alipiga honi mfululizo mpaka pikapu ilipoacha barabara. Hospitali walimkata mguu wa kulia.

Baada ya miezi kadhaa alikuja nyumbani kwa magongo. Tulimwona tangu barabarani, na nakuambia, nilitamani ardhi inimeze. Nilijua amekuja kutushtaki. Alifika, akajishusha chini kwa taabu mpaka akakaa kwenye vumbi mbele ya Bibi, akaanza kulia.

"Nisamehe, Bibi," alisema. "Mlinikabidhi gari la marehemu likiwa zima, mimi nikaliharibu kwa uzembe wangu."

Nilimwangalia Bibi. Nikasubiri. Bibi akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Inuka." Akatuagiza tuchinje kuku, na wakati wa kula akamwekea yule kijana firigisi, kama mgeni wa heshima. Alikula huku anashukuru.

Bibi hayupo tena. Shamba la vitunguu limejengwa nyumba, na ukipita Kalenga leo huwezi kujua kwamba tuliwahi kuishi pale. Mwaka juzi nilipata ujasiri, nikamtafuta yule dereva kwao, barabara ya Idodi. Nilimkuta mjane wake. Aliponiuliza mimi ni nani, nikamtaja Bibi, akanishika mikono yote miwili. Akaniambia mumewe hakushika usukani tena maisha yake yote, na kwamba hadi anakufa alikuwa akiwasimulia watoto wake jinsi familia yetu ilivyokuwa na moyo wa kusamehe.

Nilikunywa chai aliyonipa. Nikaaga, nikaondoka bila kumwambia.