Ulezi wa Jumuiya Ndani ya Hema Langu

Wapo watu ambao mtaa unawakumbuka kwa sauti zao kanisani, wapo wanaokumbukwa kwa ukarimu, mimi hapa Kizwite nakumbukwa kwa ulezi, na si ulezi nilioulima wala nilioupika, ni ule nilioufuga gerejini mpaka ukaota majani, jumuiya nzima ya kanisa ikasimama kuutazama. Nimeona bora nisimulie mwenyewe, maana wengine wakisimulia (na wanasimulia, msidhani sisikii) wanasema siku ile nililia. Sikulia. Macho yalinitoka machozi kwa sababu ya mvuke.

Jina langu Skolastika, lakini wengi wananiita Skola. Nyumbani tulizaliwa wawili, mimi na mdogo wangu Editha. Baba na mama walifariki nikiwa kidato cha pili na Editha hajaanza hata darasa la kwanza, basi mimi nikaweka madaftari juu ya kabati, nikashika jembe na bustani ya mama, na hayo madaftari hadi leo yako juu ya kabati. Sijuti. Kwa mboga na miche ya nyanya Editha alisoma, akafaulu, akaenda chuo cha kilimo, na siku alipoondoka nilimsindikiza stendi nikiwa nimevaa viatu vya kanisani siku ya kazi.

Sasa mwaka jana, kipupwe kimekolea, upepo wa huku kwetu Ufipa unapita hadi kwenye tundu la kitasa, Editha akarudi kufanya mafunzo kwa vitendo. Nikafurahi, nikasema huyu sasa tutashinda naye bustanini. Lo. Kesho yake asubuhi kavaa buti, kavuka njia, kaingia kwa Mama Kelvin.

Mama Kelvin ni mwalimu mstaafu, nyumba yake inatazamana na yetu. Mwanawe alimtumia kutoka Dar hema la kuoteshea miche, hema kweli kweli, nje jeusi, ndani linang'aa kama sufuria mpya, lina zipu, lina taa zake, na lina hita ya umeme inayojizima yenyewe joto likitosha. Kalisimamisha gerejini kwake, nje umande umeganda kwenye majani, yeye ndani ana nyanya na hoho zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Kwa mwanafunzi wa kilimo hapo ndipo mahali pake, ninaelewa, hata wakati ule nilielewa. Lakini jioni Editha akirudi, tukiwa tunasonga ugali, ni hivi: "Mama kasema miche ikivuka nyuzi thelathini inarefuka ovyo." "Mama kasema tupunguze maji."

"Mama yupi?" nikamuuliza siku moja, mwiko mkononi.

"Mama Kelvin, dada. Kwani kuna mwingine?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini lile neno lilinikaa kooni kama mwiba wa mgebuka wa ziwani, nikala ugali wangu kimya, nikaosha vyombo kwa kelele.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya jumuiya, sala zilikuwa kwa mwenyekiti wetu, Baba Severini. Baada ya sala watu wanakunywa chai, Baba Severini akaanza kumsifia Mama Kelvin, kwamba katika baridi hii yeye pekee ndiye mwenye miche, kwamba Editha kapata mwalimu, kwamba ni kama Mungu kamrudishia yule mtoto mama. Alisema hivyo, na kikombe mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake kidogo, na kabla sijajua mdomo unaelekea wapi, nikasema, "Hata mimi ninalo."

"Unalo nini, Skola?"

"Hema. La miche. Gerejini."

Gerejini kwangu kulikuwa na baiskeli isiyo na tairi la mbele na magunzi. Ni gereji aliyojenga baba kwa ajili ya gari ambalo hakuwahi kulinunua, mabati juu, sakafu ya saruji, na mlango uliopungua chini kiasi cha kupita kuku. Editha alinitazama. Baba Severini akafurahi kabisa, akasema vizuri sana, wiki mbili zijazo sala ni kwako, basi tukimaliza tutaliona.

Bibi Gaudensia, mtunza vyakula wa jumuiya, naye akanikumbusha palepale kwamba sikukuu ya somo wetu, mtakatifu wa jumuiya, inakaribia, na ulezi wa togwa, viroba viwili tulivyochanga kaya kwa kaya, uko kwangu. "Kimea nakuamini wewe, Skola," akasema. "Mama yako alikuwa hakosei." Naomba mlikumbuke hilo neno.

Basi nikajenga hema. Nikasimamisha milunda minne ya kujengea, nikaizungushia nailoni nyeusi, na ndani nikabandika zile karatasi za kung'aa za kupambia kumbi za harusi (zilikuwa na mioyo midogo midogo, sikuwa na la kufanya). Mlango nikaufunga kwa vibanio vya nguo. Nikasia nyanya kwenye trei, nikafunga gereji kwa kufuli, ufunguo nikauweka kwenye pindo la kitenge.

"Dada, nikusaidie?" Editha akauliza.

"Wewe msaidie mama yako."

Akavaa buti zake.

Tatizo likawa joto. Nilitundika balbu, lakini balbu za siku hizi zinatoa mwanga tu, ukiishika ni baridi kama chura. Nikaweka madumu ya maji ya moto, saa mbili baadaye yamekuwa maji ya kunywa. Nikaleta blanketi langu, nikalifunika hema, mimi nikalala na makoti mawili. Jiko la mkaa niliogopa, maana hema lile ni nailoni tupu, na moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa umeshaondoka na watu. Siku ya nne nikaingiza mkono kwenye udongo wa trei, baridi ikanipanda hadi kwenye kiwiko. Mbegu zilikuwa zimelala, na wiki mbili zilikuwa zinakwisha.

Ndipo nikakumbuka ulezi.

Aliyewahi kutengeneza kimea anajua. Unaloweka ulezi, unauchuja, unaurudisha kwenye kiroba, unaufunika, na ukishaanza kuchipua unatoa joto lake wenyewe, ukizamisha mkono katikati ya kiroba ni kama umeuweka kwapani mwa mtu mwenye homa. Mama alikuwa akituruhusu kupashia miguu joto humo. Nikajiambia, ulezi unataka joto, nyanya zinataka joto, na kimea ni lazima kitengenezwe hata hivyo, kwa hiyo sifanyi kosa lolote, ninaunganisha kazi. Nikaviloweka viroba vyote viwili, nikaviweka hemani, trei za nyanya nikazipanga juu yake.

Kesho yake asubuhi nilifungua kibanio kimoja, joto likanigonga usoni. Nilicheka peke yangu gerejini. Siku ya tatu nyanya zikaanza kupasua udongo, vishingo vyeupe vimeinama, na mimi nikapiga magoti pale kwenye saruji nikazitazama kama nimezizaa.

Sasa, siku ya tatu ndiyo siku ya kukitoa kimea na kukianika juani. Hata mtoto wa Kifipa wa miaka saba atakwambia. Ukikiacha kinaendelea kuota, utamu wote unaishia kwenye majani, na togwa ndiyo basi. Nilijua. Nilishika kiroba pembeni ili nikitoe, nikaziangalia nyanya, nikawaza baridi ile, nikamwona akilini Mama Kelvin kasimama mlangoni kwangu akishangaa, nikakiachia. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Na kwa kuwa kiroba kikikauka kinapoa, nikawa nakinyunyizia maji.

Siku mbili za mwisho sikufungua hema kabisa, nilikuwa naogopa kupoteza joto. Niliweka kiganja juu ya nailoni tu, nahisi lile vuguvugu, naondoka nimeridhika. Harufu niliisikia. Nikasema ni mbolea.

Jumamosi ikafika. Watu wakajaa, Bibi Gaudensia na mkongojo wake, Mama Kelvin na kitenge kipya, Editha pembeni yake (pembeni yake, si pembeni yangu, na hilo niliendelea kulihesabu kwenye sala yote). Sala ikaisha, Baba Severini akasugua mikono.

"Haya Skola, tuonyeshe."

Nikatembea mbele yao kama bibi harusi. Nikafungua kufuli, nikatoa vibanio kimoja baada ya kingine, polepole, nikasogea pembeni ili Mama Kelvin aone vizuri, nikavuta nailoni.

Kwanza ulitoka mvuke. Halafu harufu, ile ya uji ulioachwa wiki nzima chunguni. Halafu mvuke ukatulia, tukaona wote. Viroba vilikuwa vimepasuka. Ulezi ulikuwa umetoboa kila tundu, mizizi imeshikana kama nywele zisizochanwa, majani yamesimama kijani kibichi, kiwanja cha mpira kisichokanyagwa. Juu yake zile trei zimepinda, nyanya zangu zimerefuka nyembamba kama nyuzi, zikaanguka zote upande mmoja, na juu ya udongo ukungu mweupe kama sufi. Nyuma ya yote hayo ile mioyo ya harusi inang'aa.

Kisha Bibi Gaudensia akasogea, akainama, akang'oa jani moja, akalisugua kwa vidole.

"Skola, hiki ni nini?"

"Miche, bibi. Ya nyanya."

"Mimi naona ulezi."

"Upo na ulezi kidogo."

"Ulezi wa nani?"

Nyuma mtu akasema taratibu, "Mwaka huu somo wetu hatumnyweshi togwa, tunamlisha majani," na mwingine, "Lete mbuzi basi, chakula chao kiko tayari," na kicheko kikaanza huko nyuma, kile cha kujizuia, kinachotokea puani. Baba Severini alijifanya anakagua mabati.

Haya yote ningeyameza. Lakini Mama Kelvin akanishika bega, kwa upole kabisa, akasema, "Skola mwanangu, si ungekuja tu? Hita yangu ya zamani ipo, haina kazi."

Na mimi, mbele ya jumuiya ambayo dakika kumi nyuma ilikuwa imetoka kusali, nikasema, "Hita yako baki nayo. Nirudishie mdogo wangu."

Kicheko kikakatika. Hata yule wa mbuzi alitazama chini. Mama Kelvin akauondoa mkono wake begani kwangu taratibu, kama mtu aliyeshika sufuria akakuta ni ya moto. Chai haikunyweka siku hiyo. Watu walikumbuka mifugo, walikumbuka nguo walizoanika, ndani ya robo saa nikabaki mimi, na Editha, na ulezi.

Alichukua koleo, akaanza kuchota, nami nikashika ndoo. Tulijaza ndoo tatu.

"Dada," akasema hatimaye, "kule naenda kwa sababu kuna hema. Jioni narudi hapa. Kila siku. Hujaniona nikirudi?"

"Nakuona."

"Sasa nirudishwe kutoka wapi?"

"Unamwita mama."

"Kila mtu anamwita mama. Hata Baba Severini anamwita mama, na yule ni mkubwa kwake."

"Mimi simwiti."

Akaegemea koleo, akanitazama, mtoto niliyemfunga kamba za viatu. "Wewe una wako, dada, unamkumbuka. Mimi nilikuwa mdogo, sura yake naijua kwenye picha. Aliyenilea ni wewe, na wewe hutaki kuitwa mama, nilijaribu nikiwa darasa la pili ukanichapa."

Ni kweli, nilimchapa. Nilikuwa na miaka kumi na minane na niliogopa.

Ikabaki wiki moja na siku moja kabla ya sikukuu. Ulezi wa kurudisha ulikuwepo, ule wa chakula chetu chini ya kitanda, huo haukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba kimea kinataka joto, kipupwe ndicho kile, na mtaa mzima ulikuwa na mahali pamoja tu penye joto la uhakika. Mnapajua.

Jumatatu asubuhi nilijitwisha kiroba cha kwanza kati ya viwili kichwani, nikavuka njia ile ya hatua ishirini, nadhani nilitumia nusu saa. Nilibisha hodi. Alipofungua nikapiga magoti na kiroba changu hivyohivyo.

"Shikamoo, mama."

Alikitazama kiroba. "Marahaba. Kishushe, utavunjika shingo."

Siku tatu nilishinda gerejini kwake. Editha alikuwa anapima joto na kuandika, na mimi natia mkono kwenye kiroba, natoa, namwambia bado, au funika, au nyunyiza, naye anaandika na hayo. Siku ya pili Mama Kelvin alitaka kupandisha hita, Editha akasema bila kuinua kichwa, "Acha, mama, dada kasema ulezi ukishapata moto wake hausaidiwi."

Mama Kelvin akanigeukia. "Umesikia? Tangu aje hapa ni hivyo. Dada kasema mbolea iwe imeoza, dada kasema usimwagilie jua likiwa kali. Nimefundisha miaka mingi, Skola, na kwenye gereji yangu mwenyewe mwalimu ni wewe. Nilianza kukuchukia kidogo."

Nikajidai naangalia kiroba.

Siku ya tatu, jua lilipotoka tu, nilikitoa kimea nikakianika, na togwa ikapatikana, Bibi Gaudensia akaionja mara mbili, akasema, "Ndiyo hii," hakuongeza. Watoto wa mtaa bado wakiniona wananiuliza mbuzi wangu wameshiba. Nimeapa mambo mawili: kimea siku ya tatu kitatoka hata nyumba ikiungua, na mahali palipo na chai na sifa za mtu mwingine, sitafungua mdomo isipokuwa kunywa. La tatu, la kutosikia kitu moyoni Editha akisema "mama kasema", hilo sijaapa. Likisemwa bado linachoma. Ila siku hizi navuka njia naenda kuuliza, kasema nini.