Mfuniko Usio na Shimo

Siku ya tatu tangu tuhamie nyumba yetu, mama mkwe alitoka bafuni viatu mkononi, gauni kalipandisha magotini, akasema kwa utulivu kabisa:

"Mwanangu, choo kinarudisha."

"Kinarudisha nini, mama?"

"Kila kitu."

Nikaenda kuona. Hakutia chumvi.

Wengi wetu tunanunua nyumba kwa kuangalia marumaru. Hata sisi tuliangalia marumaru. Mimi ni mpokezi kwenye kliniki ya meno, mume wangu fundi majokofu. Tulipanga nyumba za watu miaka kumi na mbili, tukijinyima, mpaka tukapata hiyo nyumba.

Muuzaji alikuwa mpole kupita kiasi. Nilipouliza shimo la maji taka liko wapi, alitupeleka uani, akagonga mfuniko wa zege kwa kisigino.

"Hili hapa. Halijawahi kunisumbua hata siku moja."

Sasa tukaita gari la kunyonya maji taka. Dereva akashusha mpira wake wa kunyonyea, akaingiza mtaimbo, wakasaidiana na mume wangu kuinua ule mfuniko.

Chini yake kulikuwa na ardhi.

Si shimo lililojaa udongo. Ardhi tu, ngumu, na jongoo mmoja aliyekuwa amejilalia zake.

Dereva akavua kofia. "Dada, kazi hii nina miaka kumi na tisa. Mfuniko bila shimo, ndiyo leo."

Nikampigia muuzaji. Akasema mkataba unasema tumenunua nyumba "kama ilivyo", akanitakia siku njema, akakata. Nikapiga tena. Hapatikani.

Mume wangu akasema anakwenda kumng'oa meno. Nikamwambia mambo ya meno aniachie mimi.

Kesho yake nikaenda kwa mwanasheria, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya umeme. Alinisikiliza bila kupepesa. Alipoona picha ya mfuniko ndipo akatabasamu.

"Shimo bovu angeweza kusema hakujua. Lakini mfuniko haujipeleki wenyewe uani. Huu ni udanganyifu, na 'kama ilivyo' haimkingi mdanganyifu."

Akanieleza njia zangu. Naweza kuomba mkataba ubatilishwe, muuzaji arudishiwe nyumba yake na mimi pesa zangu. Au nibaki na nyumba, anilipe gharama za kujenga shimo na fidia ya usumbufu. Yote yaanze na barua ya madai.

"Usikarabati chochote kabla ya picha na ripoti ya mtaalamu. Na mumeo asimguse mtu. Tatizo ni moja, atasema na yeye aliuziwa hivyohivyo. Nitafutie kitu kinachoonyesha alijua."

Fundi bomba akaja, akapiga picha, akaanza kufukua akifuata bomba letu. Likapita chini ya ukuta, likaingia kwa jirani. Hapo ukutani ndipo lilipozibwa kwa saruji mpya.

Jirani alikuwa muuguzi mstaafu anayeishi peke yake. Tangu tuhamie alikuwa hajatusalimu. Nikabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya bomba."

"Ni wewe uliyeliziba?"

"Kwa mikono yangu. Miaka kumi na moja nyumba hiyo inajisaidia kwangu! Kila miezi mitatu naita gari, nalipa mimi. Nikachoka."

"Na aliyetuuzia alijua?"

Akanitazama kama vile mimi ni mgonjwa anayeuliza kama sindano inauma.

"Binti, yule ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Nikakaa bila kukaribishwa.

Baba yao aliwaachia kiwanja kimoja, wakakigawana. Dada akachimba shimo. Mdogo mtu akaomba kuunganisha bomba "kwa mwezi mmoja tu". Mwaka jana wajomba waliwakalisha kikao, akatia saini kwamba hatauza kabla hajachimba shimo lake. Akanunua mfuniko.

"Karatasi ninayo," akasema. "Lakini unajua unachoniomba?"

Nilijua. Sikumsukuma. Nikaaga.

Siku nne zikapita. Tukawa tunajisitiri kwenye choo cha kituo cha mafuta. Mama mkwe akakumbuka ghafla kwamba kwake kuna shughuli.

Siku ya tano yule dada akaja na bahasha.

"Mama yetu alifariki huyu mdogo wangu akiwa na miaka sita. Nimemlea mimi. Nikimfichia na hili, nitakuwa nimemlea vibaya."

Barua ya madai ikaenda, jamaa akaipuuza, tukafungua kesi. Siku ya usuluhishi mahakamani, mwanasheria wake alisoma ile karatasi mara mbili, akamnong'oneza kitu. Saa moja haikuisha. Muuzaji akakubali kulipia shimo jipya na gharama zetu zote. Tukachagua kubaki na nyumba.

Alipokuwa anashika kalamu, dada yake, aliyekuja kama shahidi wetu, akanyoosha mkono.

"Bado mimi."

Akatoa bahasha ya pili. Risiti za gari la maji taka, miaka kumi na moja, zimepangwa kwa tarehe. Kumbe naye alishamwajiri mwanasheria wetu.

"Dada, jamani!"

"Dada ndiyo. Saini hiyo kwanza, halafu tuje kwenye hizi."

Ndugu zangu, nyumba unauziwa na mwenyewe, lakini anayeijua ni jirani. Kabla hujatia saini nenda kabishe hodi. Na lolote muuzaji atakalokuapia, mwambie aliandike kwenye mkataba.