Mshipi wa Mama Shingoni mwa Mbwa

Harufu ya mwarubaini unaochemka hunipandisha kiburi. Najua wengine huwakumbusha malaria na vikombe vichungu walivyonyweshwa huku wamebanwa pua. Mimi juzi niliuchemsha ili nimwogeshe mwanangu mwenye tetekuwanga, mvuke ukajaa jikoni, na maji hayajapoa nikajikuta nimesimama mikono kiunoni kama mtu anayengoja ugomvi. Mtoto akaniuliza nimemkasirikia nani. Nikamwambia sijamkasirikia mtu, nimemkumbuka mbwa.

Nilimwokota nikiwa darasa la nne, ndani ya mtaro wa njia tuliyopita kwenda shule, hapa hapa Frere Town. Alikuwa jike, manyoya yamempukutika yote isipokuwa masikioni, ngozi imekauka kwa upele na macho yamejaa tongo. Wenzangu walikuwa wakimtupia vifuu vya nazi. "Hana mwenyewe huyo," mmoja wao akasema, kana kwamba hiyo ni ruhusa. Nikamwambia atupe kingine aone. Hakutupa, maana nilijulikana kwa kung'ata. Jioni nilirudi na gunia, nikamtia ndani na kumburuta hadi nyumbani.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba yenye ua wa pamoja. Baba alikuwa taniboi, yaani utingo, wa malori yaendayo Malaba mpakani, na kwa mwezi tulimwona mara chache. Mama alitandika vitanda katika hoteli moja ya Shanzu. Siku hiyo alirudi amechoka, akakuta gunia linatikisika mlangoni.

"Sidi!"

"Abee, Mama."

"Ni nini hiki?"

"Ni mbwa."

"Naona ni mbwa. Nakuuliza, kwangu amefuata nini?"

Nilikuwa na jibu refu, nikalia badala ya kulisema. Mama alinitazama, akamtazama mbwa, akavua viatu. Akatoa masharti yake hapo hapo: asiingie ndani, na asipewe jina. "Ukimpa jina, akifa utamlilia, na mimi sina nafasi ya kuweka matanga ya mbwa."

Jirani yetu wa chumba cha mbele, Bi Zuhura, mkaanga mahamri, ndiye aliyekuwa na mti wa mwarubaini. Nilikwenda kumwomba majani huku nikiogopa, kwa kuwa kwa dini yake mbwa ni najisi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kugeuza mahamri yake. "Mimi mbwa simgusi," akasema. "Na akinigusa yeye, wallahi utanitekea maji nijioshe mara saba, na mchanga juu. Lakini majani chukua, mwanangu. Mti hausali."

Basi kila jioni nilichemsha majani, nikayaacha yapoe, nikamwogesha yule mbwa akitetemeka katikati ya miguu yangu, kisha nikampaka mafuta ya nazi. Mikono yangu ilinuka uchungu hata nikila. Darasani hakuna aliyetaka kukaa nami, nami sikumbembeleza mtu. Chakula chake kilikuwa ukoko wa wali, mkavu. Lakini asubuhi moja niliamka mapema nikamwona Mama ameinama mlangoni, anaumiminia ukoko ule mchuzi wa samaki uliobaki. Aliponiona akasema ameumwaga tu kwa kuwa umechacha. Haukuwa umechacha, nilikuwa nimeuonja.

Manyoya yakaanza kuota, mekundu kama udongo. Akajifunza kulala kando ya kizingiti bila kukivuka, na kunyanyuka Bi Zuhura akipita ili nguo zake zisimguse. Hapo ndipo mwenyekiti alipoanza kulalamika.

Namwita mwenyekiti kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyomwita wote, Mama Mwenyekiti, kiongozi wa chama cha akina mama kanisani kwetu. Alikaa nyumba ya nyuma yetu, nyumba ya kwao ya tangu zamani, na hakuchoka kutukumbusha kwamba wazee wake walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa Frere Town. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafunga wanachama wapya mshipi.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mshipi huo. Sare ya akina mama ilikuwa gauni jeupe na mshipi wa buluu, na mshipi ulivaliwa na aliyefunga ndoa kanisani tu. Mama na Baba waliishi pamoja miaka mingi kabla hawajaweza kufanya arusi. Miaka hiyo yote Mama alikaa benchi la nyuma, na wenzake walipokwenda mezani pa Bwana yeye alibaki akiwashikia mikoba. Walipofunga ndoa hatimaye, mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kubeba maua. Nakumbuka Mama Mwenyekiti akimfunga mshipi kiunoni na kumwambia kwa sauti ya watu wote kusikia, "Sasa nawe una mwenyewe." Watu wakapiga vigelegele. Mama aliufua mshipi ule kwa mkono kila Jumamosi, peke yake, bila kuuchanganya na nguo nyingine.

Mwaka ule ukaingia uvumi wa kichaa cha mbwa. Ikatangazwa mtaani kwamba mbwa wote wanaozurura watauawa, isipokuwa aliyefungwa ukanda shingoni. Sisi hatukuwa na ukanda, na Mama alisema ataununua mwisho wa mwezi. Jumamosi asubuhi wakaingia uani wanaume wawili wenye marungu na gunia, na mbele yao Mama Mwenyekiti akiwaonyesha kwa kidole.

"Ndiye huyu. Ametoka jaani, hana mwenyewe."

Nilimkumbatia mbwa shingoni. Moyo wake ulikuwa ukigonga kwenye mkono wangu. Mmoja wa wale wanaume, mtu mzima mwenye uso wa kuchoka, aliniambia taratibu nisogee. Nikamwambia aanze na mimi. Nilimaanisha, na hata leo nikikumbuka sioni cha kucheka.

Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Akatoka na mikono imejaa chicha, akatutazama sote. Akaenda kwenye kamba ya nguo, pale sare yake ilipoanikwa kwa ajili ya Jumapili, akauchukua mshipi wa buluu, bado una unyevu. Akapiga magoti karibu nami na kumfunga mbwa shingoni, akaubana vizuri, akaulaza kwa kiganja kama alivyokuwa akijifanyia mwenyewe mbele ya kioo.

"Anaye," akasema.

"Anaye nani?" yule mtu akauliza.

"Mwenyewe. Ni mimi."

Bi Zuhura akapaza sauti kutoka kwenye karai lake: "Na mimi shahidi! Keshafungwa mshipi, ana mwenyewe. Mwataka nini tena?" Yule mwanamume aliyechoka akakuna kichwa, akaliweka gunia begani, wakaenda zao.

Jumapili iliyofuata Mama aliitwa kikaoni baada ya ibada. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha. Walimtaka atubu mbele ya kanisa kwa kuunajisi mshipi, kisha anunue mwingine. Mama Mwenyekiti alisema kwa uchungu kwamba hajaona dharau kama ile tangu azaliwe, kumvisha mshipi kitu kilichookotwa, kigonjwa, kisicho na kwao.

"Na wazee wako, Mama Mwenyekiti?" Mama akauliza. Hakupandisha sauti. "Si ndio wewe hutusimulia kila mwaka? Walitolewa utumwani, wakaletwa hapa wagonjwa, hawana kwao, wakapokewa wakavishwa. Nani alisema nguo zimenajisika?"

Wakamwambia mshipi hatavaa tena hadi atubu.

Hakutubu. Kila Jumapili alivaa gauni lake jeupe, likamning'inia kama pazia, akaenda kukaa benchi la mbele kabisa. Mikoba ya watu hakushika tena. Watoto wa mtaa walitutania wakimwita mbwa wetu Mshipi, nasi tukalichukua jina lile lile, maana Mama alikuwa amekataza tusimpe jina sisi, hakusema lolote kuhusu maadui. Mama mwenyewe ndiye aliyeliita kwa sauti kubwa kuliko wote, hasa Mama Mwenyekiti akipita: "Mshipi! Mshipi weee, njoo ule!" Na siku mvua kubwa ilipofurika uani, Mshipi alikivuka kizingiti. Hakuna aliyemtoa. Akaishi nasi hadi nikamaliza sekondari, akafa kwa uzee, na nikamlilia sana.

Kanisani hakuna aliyemwomba Mama radhi, nasi hatukuingoja.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba Mama alinihurumia mimi. Machozi yangu yalishinda, na mshipi ndio uliokuwa karibu na mkono wake. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia watu, nikijisifu kidogo. Juzi, baada ya kumwogesha mwanangu, nikatoka kuanika mashuka yake. Nikashika kamba, nikasita. Kamba! Siku ile ilikuwa pale pale, na ncha yake ndefu iliyobaki ilikuwa ikining'inia kwenye nguzo, ingetosha shingo ya mbwa. Mshipi ulikuwa juu yake. Mama aliipita kamba, akachukua mshipi.

Nikampigia simu. "Mama, siku ile ya Mshipi. Kamba ilikuwepo."

"Niliiona," akasema, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo.

"Sasa mbona hukuikata?"

"Kamba hata mbuzi wa kuchinjwa hufungwa, Sidi. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu nilichopewa ili nionekane mtu. Nikajiambia, kama hakiwezi kumwokoa hata mbwa, basi na mimi wamenidanganya."

Akaniuliza kama mtoto bado anajikuna, akaniagiza nisiyatupe yale majani, niyachemshe tena jioni.