Nuhu Alinyonya kwa Nani

Pale Chuno, ukimwita Bi Tabu mmbea, ujue umenunua ugomvi. Kazi yake ni kuuza vitumbua, na kazi ya pili, isiyo na mshahara, ni kudodosa. "Umbea ni kumwaga," huwaambia wateja huku akigeuza kitumbua. "Kudodosa ni kuokota. Unaokota huku kidogo, kule kidogo, halafu unakaa kitako unapepeta." Watu hucheka, lakini wakitaka kuoza binti, yeye ndiye hutumwa kuchunguza habari za bwana harusi.

Mwaka huu maji yakamfika shingoni mwenyewe. Zulfa, mtoto wa marehemu dada yake, Rehana, ambaye Tabu alimlea tangu akitambaa, alikuwa ameposwa na Nuhu wa Mikindani. Mahari ilishapokewa. Ndipo bibi mmoja, kwenye msiba huko Mikindani, akaropoka: "Huyu Nuhu si ndiye aliyenyonyeshwa na Rehana?"

Walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Zulfa akaacha kula. Mama yake Nuhu, ambaye zamani alikuwa jirani wa Rehana pale Chuno, akasema kwa unyonge kwamba alipojifungua alilala hoi kwa homa, hajui nani alimshika mtoto. Na wote walikumbuka kuwa Rehana siku zile alikuwa ametoka kuzika kichanga chake cha kwanza, kwa hiyo maziwa hayakumkosa. Tabu wakati huo alikuwa kijijini kwa bibi yake, hakuona kitu.

Shangazi yake Nuhu akataka mambo yaishe. "Hakunyonya bwana, fungeni ndoa."

Tabu alilitamani jibu hilo kuliko chakula, na kwa sababu hiyo hiyo hakuliamini. Kudodosa si kuuliza mara moja ukabeba unachokipenda. Akaacha kabisa kutaja ziwa, akawa anauliza habari za mwaka ule tu: nani alipika, nani alifua nguo za mtoto. Jirani mmoja wa zamani akakumbuka kuwa Rehana alikuwa akitoka asubuhi na mtoto mgongoni, akirudi naye kashiba, kalala fofofo. Muuza samaki mmoja akasema alizoea kupishana naye njia ya Mtawanya. Tabu akaenda Mtawanya, akadodosa nyumba kwa nyumba, mpaka akatajiwa Mwanaisha, ambaye Rehana alikuwa akienda kwake, na sasa yuko Nanyamba kwenye mikorosho yake.

Alimkuta uani anabangua korosho. Tabu alijua jibu lolote litakalotoka hapo hataweza kulikimbia.

"Shikamoo dada. Ulimfahamu Rehana wa Chuno?"

Mwanaisha akaacha kubangua. "Nitamsahauje? Alikuwa akiniletea kitoto cha jirani yake, mimi nina changu kinanyonya. Nikamwambia, mwenzangu, si umpe wewe? Akasema yake yalikauka siku aliyozika, halitoki hata tone. Basi nikampa mimi. Yeye anakaa hapo pembeni, machozi yanamtoka, mtoto akishashiba ananishukuru. Kesho tena, anashukuru upya."

Tabu akashika mikono ya yule mwanamke, akalia bila haya. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, hakuwa na neno lingine.

Sheikh alimsikiliza Mwanaisha, akawasikiliza na wale wengine, akaridhika: ndoa ipo. Nuhu alipata mama wa pili na ndugu wa kunyonya ambao hakujua kama anao. Tabu kwa furaha akampelekea hata yule bibi mropokaji sinia zima la vitumbua, maana bila mdomo wake nani angejua haya?

Kisha akawapeleka wachumba Nanyamba. Nuhu akapiga magoti, akambusu Mwanaisha mkono, akamwita mama. Zulfa yeye hakuwa na kumbukumbu hata moja ya Rehana, akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo: alivyoingia uani, alivyomfungua mtoto mgongoni, alivyokaa. Mwanaisha akasimulia, hakuchoka.

Zulfa akamgeukia Nuhu, akamtazama kama mtu aliyeletewa salamu kutoka mbali.

"Mama alikubeba wewe," akasema, "kabla hajanibeba mimi."