Ndoo Nyuma ya Kitambaa

Fundi alitufungia sinki ukutani bafuni, akapata msiba kwao Nambis, akaenda kuzika na hakurudi. Chini ya sinki pakabaki tundu linalotazama sakafu. Wiki hiyo hiyo mama yangu alikuwa anakuja kutoka Morogoro. Nilipopangiwa kufundisha huku Bashay, na kisha nikaolewa huku huku, alilia kwamba huku hakuna maji, nitaishi nikioga kwa kikombe. Sasa alikuwa anakuja kuona kwa macho yake, na akikuta ni kweli, alisema, atanitafutia uhamisho yeye mwenyewe. Sikutaka uhamisho. Nilikuwa nimeshapapenda.

Basi bomba nikalifunga mwenyewe. Nilinunua trapu, kile kipande kilichopinda kinachobakiza maji kidogo ili harufu ya shimoni isipande. Nilichagua ya kung'aa, maana ingeonekana, na mimi napenda vyangu vionekane. Mara ya kwanza nilisahau mpira wa ndani ya nati, maji yakanilowesha magoti. Mara ya pili nilikaza kwa hasira, nikafungulia maji, nikalala chali kusubiri tone. Halikuja. Nilifurahi kuliko siku niliyopata ajira.

Mama mkwe, tunayeishi naye, aliingia akalitazama bomba.

"Hongera mwanangu. Lakini utumbo wa nyumba hauachwi wazi mbele ya wageni."

Jioni akatundika kitambaa cha kufuma chini ya sinki, chenye maua mekundu kama vile vilivyofunika makochi, redio na jagi. Nikakiacha. Mtu hagombani na mkwe kwa ajili ya kitambaa.

Kesho yake nilikifunua nideki. Trapu yangu ilikuwa imefunguliwa, imefutwa vizuri, imewekwa dirishani. Chini ya tundu palikuwa na ndoo. Kilikuwa kiangazi, na mama mkwe hakuweza kuvumilia maji yaende shimoni huku sukuma wiki zake zinaliwa na wadudu. Maji ya sabuni huwaua.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikaenda kuirudisha trapu. Alipotoka kanisani akaifungua. Nikaifunga. Akaifungua. Jambo lenyewe hatukulitaja hata kidogo, tulizidi tu kuwa na adabu. Mume wangu alipoona tunavyojuliana hali kwa upole, alikumbuka ghafla kwamba ng'ombe wa mjomba wake kule Dirma hawana mtu wa kuwaangalia.

Siku mama alipofika niliikaza trapu kwa spana, kisha nikaificha spana kwenye begi la shule. Nilisahau kwamba mikono iliyokamua ng'ombe maisha yote haina haja ya spana.

Mama aliomba kunawa. Nilisimama mlangoni. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yangu, alitazama dari. Maji yakafunguliwa, na badala ya kushuka kimya yakalia ndani ya ndoo. Mama akafunua kitambaa. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Nikaona uhamisho wangu umeshaandikwa.

"Dada," akamwambia mama mkwe, "haya mnayapeleka wapi?"

"Kwenye mboga, mdogo wangu. Ila huyu binti yako anapenda yapotee."

"Huyu? Tangu mdogo ni mtu wa kumwaga."

Wakaibeba ndoo wawili, kila mmoja na upande wake wa mshikio, wakaenda bustanini wakinisema bila hata kupunguza sauti. Nilibaki bafuni na trapu yangu inayong'aa. Niliona aibu, na wakati huo huo nilitamani kucheka. Uhamisho wa kwenda Morogoro haukuwepo tena.

Baada ya muda mkono wa mama ukapita dirishani na ndoo tupu.

"Nawa na wewe," akasema. "Kuna tuta moja halijapata."

Nikaiweka ndoo chini ya tundu, nikanawa mikono iliyokuwa safi.