Shangazi Hakulia

“Shangazi, mbona hukulia?”

Swali hilo aliulizwa na binti wa kaka yake, kitoto cha darasa la pili wakati huo, siku baba mtu aliporudi kutoka hospitali. Shangazi aliendelea kukunja shuka. Nyumba nzima ilitaka kujua hilohilo, ila watu wazima walikuwa wanameza maneno.

Shangazi ni mhudumu wa ambulensi. Dereva wake humwita Bi Polepole, kwa kuwa hata akute watu wamechanganyikiwa vipi, yeye hupiga magoti kwanza na kutazama. Mchana wa ajali simu iliwapeleka kwenye mtaa anaoujua, kwenye geti alilolipaka rangi mwenyewe. Kaka yake alikuwa ameteleza juu ya paa akipigilia bati, akaangukia kisogo kwenye sakafu ya uani.

Majirani walishamshika mikono na miguu kama gunia, wampakie kwenye pikapu. Mmoja alikuwa na kikombe cha maji. Shangazi akawaambia wamlaze palepale, na maji wayanywe wao. Fundi magari wa nyumba ya pili akamkejeli: hadi amalize hizo taratibu zake, mgonjwa atakuwa ameshakata roho.

Shangazi alipiga magoti kichwani kwa kaka yake, akakishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai bichi, akalisukuma taya mbele kwa vidole ili hewa ipite, shingo isisogee. Kukoroma kukapungua. Dereva akamvisha barakoa ya oksijeni. Ndipo mama yao alipotoka ndani mbio, akataka kumpakata mwanawe.

“Mama, kama unampenda, usimwinue.”

Sauti ilikuwa kavu. Mama alisimama kama aliyepigwa kofi.

Kabla hajatia neno, mgonjwa akaanza kutapika. Dereva akaivua barakoa. Shangazi hakukiachia kichwa. Alimwagiza dereva ashike bega, fundi yuleyule ashike nyonga, wamgeuze ubavu kwa pamoja, mwili mzima kama gogo. Matapishi yakamwagika sakafuni badala ya kushuka mapafuni.

Mikono ya Shangazi haikuachia hadi wauguzi wa hospitali walipoweka ya kwao.

Kaka alipona, ila si yule wa zamani. Mpaka leo anaanza sentensi, neno linampotea, na watu humsubiri. Mama naye akazoea kuwaambia wageni kwamba alizaa wawili, mmoja mtu, mmoja jiwe. Shangazi akiwapo huinama, akajifanya anamimina chai.

Jumapili moja mama aliyasema tena hayo mezani. Binti, sasa yuko sekondari, akamuuliza shangazi yake swali lile la utotoni, mbele ya wote. Shangazi akaweka kijiko chini. Alimjibu binti, lakini macho yalikuwa kwa mama yake.

“Macho yangejaa maji, ningeonaje kama kifua chake bado kinapanda? Na mikono nisingeweza kuitoa nijifute.”